Mbegu na Unga: Ufungashaji wa Programu za Kiswahili na Haki ya Msomi wa Voi

Utangulizi

Kwa zaidi ya miongo miwili, mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia umetawaliwa na suala la istilahi. Katika makongamano na katika kurasa za majarida, wanafunzi na wahadhiri wamebishana iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo mtumiaji wake "ahifadhi" au "aseivu" kazi yake. Mjadala huo una manufaa, kwani lugha isiyo na majina ya vitu vya wakati wake hubaki nyuma. Hata hivyo, umelifunika suala jingine linaloonekana kuwa la mafundi tu, ilhali ndilo linaloamua iwapo matunda ya utafiti wa Kiswahili yatamfikia mwanafunzi au yatabaki katika tarakilishi ya mtungaji. Suala hilo ni la ufungashaji: programu ya kuchakata Kiswahili ikishatungwa, inafungwa na kusambazwa kwa umbo gani?

Makala haya yanashikilia kwamba kila programu inayohusu Kiswahili yafaa isambazwe kwa maumbo mawili kwa pamoja, yaani umbo la msimbo asilia na umbo lililo tayari kutumika. Anayetoa moja na kuacha jingine humnyima mtu haki, ama ya kutumia au ya kusahihisha. Voi na kaunti nzima ya Taita Taveta zitatumiwa hapa kama mfano, kwa kuwa mahitaji yote mawili yanaonekana huko waziwazi.

Maumbo mawili ya programu

Msimbo asilia ni maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa na mtungaji wake. Mwenye ujuzi huweza kuyasoma, kuyahakiki na kuyabadilisha. Umbo tayari ni matokeo ya kuyapitisha maandishi hayo katika kompaila, yaani programu inayoyageuza kuwa lugha ya mashine. Tarakilishi hulielewa umbo hilo mara moja, lakini binadamu hawezi kulisoma kwa urahisi wala kulirekebisha. Uhusiano wa maumbo haya unafanana na ule wa mbegu na unga. Anayepewa mahindi bila kinu hulala njaa. Anayepewa unga pekee hana cha kupanda mvua inaponyesha.

Si kila programu hudai kugeuzwa namna hiyo kabla ya kutumika. Lugha ya Python, ambayo leo hutumiwa sana katika uchakataji wa lugha za binadamu, husomwa na tarakilishi moja kwa moja kutoka katika maandishi yake. Tatizo huanza pale kazi inapokuwa nzito, kama vile kupitia mamilioni ya maneno ya kopasi. Hapo watungaji wengi huiandika sehemu hiyo nzito kwa lugha ya C au C++ ili iende kasi, kisha huiunganisha na Python kama moduli ya nyongeza. Ni lazima moduli hiyo ipite katika kompaila kabla ya kutumika, na ikishapita hufungamana na mazingira iliyotengenezewa.

Msomaji anayeifahamu Voi ataelewa ufungamano huo kwa urahisi. Mji huo una reli mbili. Moja ni ile ya kale iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ambayo upana wake ni milimita 1,000. Ya pili ni ile ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017, ambayo upana wake ni milimita 1,435. Reli zote mbili zinaelekea Mombasa, lakini behewa la moja haliwezi kupita katika nyingine. Vivyo hivyo, moduli iliyotengenezewa Windows haiendi katika Linux, iliyotengenezewa prosesa za Intel haiendi katika zile za ARM, na iliyofungwa kwa toleo moja la Python huenda ikakataliwa na toleo linalofuata. Tangu Python 3.2 ya mwaka 2011 ipo njia ya kuandika moduli itakayokubaliwa na matoleo mengi mfululizo, lakini ni lazima mtungaji aichague tangu mwanzo.

Jumuiya ya Python imejitahidi kulitatua jambo hili. Mwaka 2012 liliandikwa pendekezo nambari 427 lililoanzisha kifurushi tayari kiitwacho wheel, yaani gurudumu. Jina la faili ya kifurushi hicho hutaja toleo la Python, namna moduli inavyoshikana na Python kwa ndani, na mfumo endeshi pamoja na prosesa. Mwaka 2016 pendekezo nambari 513 liliweka utaratibu wa kutengeneza vifurushi vitakavyokubalika katika aina nyingi za Linux. Programu ya usakinishaji, pip, hutafuta kwanza kifurushi tayari kinacholingana na tarakilishi ya mtumiaji. Isipokipata, huchukua msimbo asilia na kujaribu kuugeuza papo hapo. Jaribio hilo ndilo linalowashinda wengi.

Mbegu bila kinu

Mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wa Kiswahili ni wa kisahihishi tahajia. Katika miaka ya 2000, mradi wa Kilinux uliwashirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Dkt. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alikusanya orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya usahihishaji wa tahajia. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ingalipo katika hazina ya kamusi za LibreOffice, na kinachoiendesha ni Hunspell, injini iliyoandikwa kwa C++.

Na achukuliwe mwanafunzi wa uzamili anayeishi Voi, mwenye tarakilishi ndogo ya Windows, anayetaka kuchunguza makosa ya tahajia katika insha mia tano za wanafunzi wa shule za upili za Mwatate na Wundanyi. Kuzifungua insha hizo moja moja na kuhesabu mistari myekundu kungemchukua miezi. Anaamua kuandika programu fupi ya Python itakayoiita Hunspell, iipe kila neno, na kuorodhesha maneno yote yaliyokataliwa pamoja na idadi ya kila moja. Wazo hilo ni zuri na programu yenyewe haizidi mistari ishirini.

Hapo ndipo anapokumbana na suala la ufungashaji. Kwa miaka mingi, moduli ya Python inayobeba jina lenyewe la hunspell imesambazwa kwa msimbo asilia. Anayetaka kuisakinisha sharti awe na kompaila, faili za Python zinazohitajika katika ugeuzaji, na maktaba ya Hunspell yenyewe. Katika Linux yenye intaneti nzuri, hayo hupatikana kwa amri moja au mbili. Katika Windows, mwanafunzi huyo anaonyeshwa safu ndefu ya ujumbe wa makosa kwa Kiingereza, kisha anaelekezwa kupakua zana za kujengea programu ambazo uzito wake ni gigabaiti kadhaa. Anazipakua kwa bando la simu. Zikishaingia, anagundua kuwa maktaba ya Hunspell bado haionekani. Siku ya tatu anarudi kwenye kalamu na karatasi, na utafiti wa insha mia tano unakuwa wa insha thelathini.

Hasara hiyo ni ya taaluma nzima. Matokeo yatakayochapishwa yatakuwa finyu, na msimamizi wake atadhani kuwa mbinu za kitarakilishi hazifai katika utafiti wa Kiswahili. Mwanafunzi mwenyewe ataamini kwamba mambo hayo ni ya watu wa sayansi. Kumbe kizuizi kilichomshinda hakikuhusu isimu wala akili yake. Kilichokosekana ni faili moja.

Lau kifurushi tayari kingekuwapo, kingekuwa faili ndogo ambayo mwenzake aliye Nairobi au Mombasa angeipakua, akaitia katika flashi na kumpa msafiri wa kwanza. Pip ina uwezo wa kusakinisha kutoka katika folda bila kuigusa intaneti. Faili hiyo hiyo ingehudumia maabara nzima ya shule huko Taveta au Kasigau, maadamu tarakilishi zake ni za aina moja. Baadaye wengine waliliona pengo hili. Wapo waliotoa moduli za Hunspell zenye vifurushi tayari, na mwaka 2021 ikatokea Spylls, iliyoandikwa upya kwa Python tupu ili isihitaji kompaila, japokuwa kasi yake ni ndogo zaidi. Juhudi hizo zinathibitisha kwamba haja ilikuwapo, na kwamba haikutimizwa na waliosema msimbo asilia unatosha.

Unga usioota

Kutokana na hayo, mtu anaweza kushauri kwamba watungaji watoe umbo tayari pekee na kuwaondolea watumiaji adha ya msimbo. Ushauri huo una hatari kubwa zaidi, na mwenye kuathirika kwanza ni mwanaisimu.

Neno "watakapotuandikia" litaonyesha sababu. Kabla ya mzizi -andik- kuna viambishi vinne: wa- cha nafsi, -taka- cha wakati ujao, -po- cha urejeshi wa wakati na -tu- cha mtendwa. Baada ya mzizi kuna -i- cha kauli ya kutendea na -a cha mwisho. Hunspell ilitungwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi mwishoni mwa mzizi. Kwa kawaida injini hiyo huweza kuondoa tabaka mbili za viambishi tamati na tabaka moja tu ya viambishi awali. Ipo amri ya kuugeuza mpangilio huo ili iondoe tabaka mbili za mwanzoni, lakini hata hivyo tabaka nne za Kiswahili hazitoshei. Mtungaji wa kamusi ya Kiswahili hulazimika kuchagua: ama ayaorodheshe maumbo mengi yaliyokamilika, au aviunganishe viambishi kadhaa na kuvihesabu kama kimoja kirefu. Kila uamuzi una athari juu ya maneno yatakayokubaliwa na yatakayokataliwa.

Uamuzi huo ni wa kiisimu, na wenye haki ya kuuhakiki ni wanaisimu. Endapo programu itakataa neno sahihi, mwanafunzi wa mofolojia anapaswa aweze kufungua faili na kuona kama kosa liko katika orodha ya maneno, katika kanuni za viambishi, au katika injini. Kwa bahati njema, kamusi za Hunspell huandikwa katika faili mbili za maandishi ya kawaida, moja ya maneno na nyingine ya kanuni. Lakini programu iliyofungwa yote katika umbo tayari, pamoja na maneno na kanuni zake, humgeuza mwanaisimu kuwa mteja. Atalalamika, na asipokuwapo wa kumsikiliza, kosa litakaa.

Historia ya Jambo OpenOffice inafundisha jambo jingine. Kifurushi tayari cha mwaka 2004 kilitengenezewa tarakilishi za wakati wake na kujengwa juu ya OpenOffice.org ya wakati huo, ambayo ilikwisha kupitwa. Orodha ya maneno ndiyo iliyoishi, kwa sababu ilikuwa maandishi yanayosomeka na ilikuwa na leseni inayoruhusu wengine kuiendeleza. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi mwaka 1985, na ikaendelea kwa miongo mingi. Kazi ya urefu huo, ikihifadhiwa na yeyote yule katika umbo la mashine pekee, itakufa siku mashine yake itakapokufa.

Kwa Taita Taveta kuna sababu ya ziada. Kaunti hiyo ina Kidawida chenye lahaja zake, pamoja na Kitaveta na Kisagalla. Injini ile ile ya Hunspell, ikipewa orodha ya maneno na kanuni za Kidawida, itasahihisha Kidawida bila kubadilishwa mstari hata mmoja wa C++. Mwanafunzi atakayejifunza kuisoma kamusi ya Kiswahili kutoka ndani atakuwa amepata kielelezo cha kuandikia kamusi ya lugha ya mama yake. Fursa hiyo haipatikani kwa anayepewa unga tu.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya idara za sayansi ya tarakilishi. Hoja hiyo inasahau kwamba mtaalamu wa tarakilishi hajui kwa nini "watakapotuandikia" ni sahihi na "watapotuandikia" ni la kutiliwa shaka katika Kiswahili sanifu. Vilevile hakuna anayedai kwamba uchapaji wa kamusi ni wa wachapaji pekee na kwamba mwanaleksikografia asijali kama kitabu kitafika madukani. Ufungashaji ni uchapishaji wa programu.

Wengine watasema kwamba huduma za mtandaoni zimeondoa haja ya kusakinisha chochote. Ni kweli kwamba huduma hizo zimerahisisha mengi. Hata hivyo, zinategemea intaneti ya kila dakika, na mwenyewe anaweza kuzifunga au kuzitoza ada wakati wowote. Tena, mtafiti aliyekabidhiwa insha za watoto wa shule hana ruhusa ya kuzituma kwa seva asiyoijua. Programu iliyo katika tarakilishi yake humwezesha kuilinda siri ya watoto hao.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito zaidi: watungaji wengi wa programu huria ni watu wa kujitolea, na kutengeneza vifurushi vya mifumo yote ni mzigo. Mzigo huo ulikuwa mkubwa sana zamani, mtungaji alipohitaji kuwa na tarakilishi ya kila aina. Leo zipo zana kama cibuildwheel zinazotengeneza vifurushi vya Windows, Linux na macOS kwa kutumia seva za mbali. Kazi imebaki, ila imepungua kiasi cha kuweza kubebwa na kikundi kidogo cha wanafunzi wanaosaidiana na mhadhiri mmoja.

Yanayopasa kufanywa

Mosi, data ya lugha itenganishwe na injini. Maneno na kanuni zikae katika faili za maandishi ambazo mwanaisimu anaweza kuzisahihisha bila kompaila, na sehemu ya C ibaki kuwa ile tu inayodai kasi.

Pili, kifurushi cha msimbo asilia kiwe kamili. Kosa la kawaida ni kusahau faili ndogo za matamko ambazo msimbo wa C huzitegemea, au orodha ya maneno, au leseni. Mtungaji halioni kosa hilo kwa kuwa faili zote zimo katika tarakilishi yake. Dawa yake ni kukifungua kifurushi katika tarakilishi nyingine isiyo na chochote cha mradi na kujaribu kuijenga programu humo kabla ya kuitoa.

Tatu, vifurushi tayari vitengenezwe kwa mifumo ambayo watumiaji wa Kiswahili wanayo kwa hakika, ikiwemo Windows ya tarakilishi za kawaida za shule. Kipimo kiwe usakinishaji bila intaneti: ikiwa faili zilizotiwa katika flashi haziwezi kusakinishwa katika maabara ya Wundanyi, kazi haijakamilika.

Nne, maelezo ya usakinishaji yaandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ni aibu kwa programu ya Kiswahili kuwa na mwongozo wa Kiingereza pekee. Hapo ndipo mjadala wa istilahi utakapopata kazi ya kufanya, kwa maana maneno kama "kusakinisha", "kifurushi" na "msimbo asilia" yatajaribiwa na watu wanaoyahitaji.

Tano, vyuo vikuu viutambue ufungashaji kuwa sehemu ya kazi ya kitaaluma. Tasnifu inayozaa programu iwasilishwe pamoja na msimbo asilia na vifurushi tayari, na yote yahifadhiwe maktabani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016 baada ya kuwa chuo kikuu kishiriki, kimo katika kaunti yenyewe na kina mafunzo ya taaluma za tarakilishi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vya vyuo vingine vina mshirika wa asili huko. Vikundi viwili, kimoja cha isimu na kingine cha tarakilishi, vinaweza kuanza na kazi ndogo: kuifunga kamusi iliyopo ya tahajia ya Kiswahili pamoja na injini yake ili isakinishwe Voi kwa amri moja.

Hitimisho

Imezoeleka kuupima ustawi wa Kiswahili katika teknolojia kwa idadi ya istilahi zilizoundwa na idadi ya programu zilizotangazwa. Kipo kipimo kingine kilicho kigumu zaidi, nacho ni idadi ya wasomi walio mbali na miji mikuu wanaoweza kuitumia programu leo na kuisahihisha kesho. Anayeitumia bila uwezo wa kuisahihisha atakuwa mteja daima, na mwenye haki ya kuisahihisha asiyeweza kuiwasha amepewa haki ya karatasi. Kiswahili kinawahitaji watungaji watakaowapa wasomi mbegu na unga katika mfuko mmoja, na kinawahitaji wahadhiri watakaokataa kuipokea kazi yoyote iliyokamilika nusu. Mwanafunzi mwenye insha mia tano hapaswi kurudi kwenye thelathini kwa kukosa faili moja.